Mtoto Niliyemsemea Remba

Robi mwanangu,

Ni Jumapili, saa tisa mchana, nimekaa kwenye meza ya jikoni. Wewe uko kanisani, vijana wenzako wanakuaga. Baba yako ameenda Kegonga kumwambia mama yake kwamba mjukuu anaingia chuo kesho. Nimeona niandike sasa, kabla mmoja wenu hajarudi akaniuliza ninaandika nini. Mambo ya blanketi, neti ya mbu na kitasa cha sanduku tumeyasema wiki nzima mpaka ukaziba masikio. Sitayarudia.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Mimi Mjaluo wa Oyugis, baba yako Mkuria. Tulipooana kila mmoja alikuwa na lugha ambayo mwenzake haijui, ikabidi tukutane katikati, na wewe ukazaliwa hapo hapo katikati. Ndiyo maana baba yako bado anashangaa. Juzi alishika ile karatasi ya chuo cha Homa Bay akaisoma kwa sauti: ustawi wa jamii, ushauri nasaha, lugha ya ishara, Kiswahili, Kifaransa, historia. Kisha akasema, "Kiswahili huyu mtoto amekinywa pamoja na uji. Wanataka kumfundisha nini tena?" Mkacheka wote wawili. Mimi nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Unakumbuka nilivyokupinga mwezi wa tatu. Nilitaka uwe muuguzi. Nilisema hiyo ya ustawi wa jamii ni kazi ya kuingia katika nyumba za watu na kuwaamulia mambo yao, kazi ya kujitafutia maadui. Hukunijibu kwa ukali. Uliniuliza polepole, "Mama, unaogopa nini?" Nikasema chakula kinaungua, nikaenda jikoni. Hakuna kitu kilichokuwa kinaungua. Tangu siku hiyo swali lako limekaa na mimi, na leo ninajaribu kulijibu, ingawa nakuonya mapema kwamba kichwa changu hakijatulia na huenda barua hii ikakuchanganya badala ya kukusaidia.

Ulipokuwa na miaka miwili nilikuacha kwa nyanya yako Oyugis. Hilo unalijua, lakini tumekuwa tukilitaja juu juu tu, kama jambo la kawaida. Baba yako alikuwa Kisii kwenye kazi ya mjengo, akilala hapo hapo na mafundi wenzake, na kwao walikuwa hawajanikubali bado. Dada mmoja tuliyesoma naye akanipigia simu kutoka Remba, akasema kuna nafasi kwenye hoteli yake, watu kisiwani wanakula chapati asubuhi, mchana na jioni. Nilifikiri nitakaa miezi mitatu. Nikakaa miaka miwili.

Remba hujawahi kufika. Ni kisiwa ambacho ukianza kukizunguka kwa miguu unamaliza kabla hujachoka, lakini watu wamejaa humo mpaka mabati ya nyumba yanapandiana. Kila mahali palipo wazi pameanikwa omena, wale dagaa wa ziwani. Wapo Wajaluo, Wakuria, Waganda, Watanzania, Wasomali wenye maduka, na wote wanaelewana kwa Kiswahili cha kuokoteza. Mimi shuleni nilikuwa hodari wa Kiswahili, na Kikuria nilikuwa nimeanza kukishika kwa baba yako. Basi ikawa mgonjwa asiyeeleweka kwenye zahanati, wananiita. Ugomvi wa nyavu kati ya Mjaluo na Mtanzania, wananiita. Nilikuwa natoka na unga mikononi. Watu walisema, "Akoth ndiye mdomo wa kisiwa." Nisikudanganye, nilipenda sana kusikia hivyo.

Desemba ya mwaka wa pili nikaja kukuona. Nilikuwa nimekununulia gauni la njano na viatu. Nilikuta unacheza nyuma ya jiko la nyanya yako. Nikainama, nikakufungulia mikono. Ulinitazama, ukapita mbio pembeni yangu, ukaenda kushika sketi ya nyanya na kusema, "Mama, kuna mgeni."

Nyanya yako alicheka kwa aibu akasema, "Huyo ndiye mama. Mimi ni nyanya." Wewe ukakataa kwa kichwa. Nilikaa siku tano. Gauni ulivaa, kwangu hukuja. Nikarudi kisiwani bila kumwambia mtu yeyote lililonipata, nikakanda chapati kama kawaida.

Haikupita hata wiki mbili.

Jirani yangu pale kisiwani aliitwa Consolata. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, asiye na mtoto, kazi yake kuanika na kuuza omena. Alikuwa analea msichana wa miaka mitano anayeitwa Awuor. Mama mzazi wa mtoto, Milka, alikuwa rafiki yake. Milka alimwacha Awuor akiwa hajaanza kutembea, akavuka kwenda upande wa Tanzania kutafuta maisha, akakaa kimya. Wengine walisema amekufa. Awuor alikua mgongoni mwa Consolata na akawa anamwita mama, kama ambavyo mtoto yeyote wa Kijaluo angemwita. Kwetu mama ni aliyekuzaa, na dada yake ni mama, na mke mwenza wake ni mama, na rafiki wa karibu aliyekushika mkono naye ni mama. Kwa Kidholuo hilo halimsumbui mtu.

Milka hakuwa amekufa. Alitokea Januari hiyo, amepata mume na nyumba karibu na Oyugis, anamtaka mtoto wake. Consolata akakataa. Wakavutana siku tatu, Milka akienda kila jioni kukaa mlangoni kwa Consolata na kumwimbia mtoto, mpaka mtoto akaanza kumzoea na kumwita mama yeye pia. Mwenyekiti wa bichi, yule anayesimamia ufuo wa wavuvi, akaona mambo yatafika pabaya, akaomba afisa wa watoto aje kutoka bara. Akaja kijana mmoja mstaarabu, ametoka Kitui, Kidholuo hajui hata cha kuamkia. Akauliza nani anaweza kutafsiri. Kila mtu akanigeukia mimi.

Tulikaa kwenye banda la kupimia samaki. Afisa kwenye kiti, Consolata kulia, Milka kushoto, mtoto amesimama katikati ananyonya kidole. Afisa aliwasikiliza wale wanawake kwanza, nikatafsiri vizuri, neno kwa neno. Kisha akaniambia, "Sasa muulize mtoto, bila kumtisha, angependa kuishi na nani."

Nikamuuliza, "Idwaro dak gi ng'a?"

Awuor akatoa kidole mdomoni. Akasema, "Mama."

Hakumtazama yeyote kati yao. Alikuwa ananitazama mimi.

Robi, hapa ndipo nimekwama miaka yote hii. Ninajua nilichotakiwa kufanya. Nilitakiwa kumwambia afisa, "Amesema mama, lakini anawaita wote wawili mama, sijaelewa ni yupi." Maneno machache tu. Afisa angenielewa, angetafuta njia nyingine ya kumuuliza. Lakini afisa aliniangalia, kisiwa kizima kikaniangalia, na mdomo wangu ukasema, "Anasema anataka kwenda na mama yake mzazi."

Mzazi. Mtoto hakulisema neno hilo. Ni mimi niliyeliweka.

Afisa akaandika. Milka akaanza kulia kwa furaha. Consolata alikuwa anaelewa Kiswahili kidogo na alikuwa amelisikia jibu la mtoto kwa masikio yake, lakini hakubisha. Alisimama, akaenda nyumbani kwake, akarudi na beseni lenye nguo za mtoto zimekunjwa vizuri, akaliweka miguuni mwa Milka. Boti ilipoondoka Awuor alikuwa analia, lakini watoto wote hulia kwenye boti, nikajiambia hivyo.

Nimejiuliza kwa nini nilisema vile, na kila mara napata jibu tofauti. Siku nyingine nasema nilikuwa na haraka, unga ulikuwa unakauka. Siku nyingine nasema niliamini kweli kwamba mtoto alimaanisha Milka, kwa sababu Milka ndiye aliyekuwa amemwimbia jioni iliyotangulia. Na kuna siku najiambia kwamba kwenye lile banda sikumwona Awuor kabisa. Nilikuona wewe ukipita mbio pembeni yangu. Nilitaka mahali fulani duniani mama aliyezaa ashinde. Ipi ni kweli kati ya hizo, sijui. Huenda zote. Usiniambie ni ipi, hata wewe utakuwa unakisia.

Mwezi uliofuata niliacha kazi. Baba yako alikuwa amepata chumba hapa Migori. Nilikuja Oyugis nikakuchukua. Hukula siku mbili. Siku ya tatu ulikula ugali kidogo, ukaniuliza, "Mama anakuja lini?" Nikakwambia, "Mama ni mimi." Ulilia mpaka ukatapika. Nilikuwa nimekukalisha mapajani, na kwa mara ya kwanza nikafikiria yule mtoto mwingine yuko mapajani kwa nani, analilia nani. Baba yako alikuja akakuta tunalia wote, akafikiri kuna msiba.

Sikumwambia. Nilifanya moja tu: niliacha kutafsiri. Umewahi kuniuliza kwa nini nikiombwa sokoni nimsaidie mtu lugha nasema sijui vizuri. Basi ni hilo. Naona sasa kwamba halikumsaidia yeyote. Watu wangapi wamekwama mbele ya karani au daktari huku mimi nimesimama nyuma yao, naelewa kila neno, nimefunga mdomo. Hilo nalo ni kosa, na ni refu kuliko lile la kwanza.

Mwaka jana nilipoenda kumwona nyanya yako alipokuwa anaumwa miguu, alinituma kwa fundi wa nguo hapo Oyugis, karibu na stendi, nimpelekee kitenge. Nilimkuta msichana mrembo, mnene kidogo, kipimo shingoni. Nikamweleza nyanya anataka mikono mirefu. Akaacha kuandika, akaniangalia.

"Mama, wewe si uliwahi kukaa Remba? Hiyo sauti naijua."

Nikasema ndiyo.

"Wewe ndiye mama wa chapati. Ulinisemea kwa yule afisa."

Sikuhitaji kumuuliza jina. Alinipa stuli, akaniletea soda, akafurahi kweli kuniona. Akaniambia ameishi vizuri, Milka alimpeleka shule mpaka kidato cha pili, baba wa kambo si mtu mbaya. Kisha akainamia cherehani kama anayetafuta sindano iliyoanguka, akaniuliza, "Niambie kitu. Siku ile nilisema nini? Nakumbuka viatu vya yule afisa. Jibu langu silikumbuka."

Ningeweza kurudia uwongo. Ulikuwa tayari mdomoni, umezoea njia. Nikasema, "Ulisema mama."

"Mama yupi?"

"Sijui, Awuor. Sikukuuliza. Niliamua mimi."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alitembeza kidole kwenye kitenge cha nyanya yako, akasema, "Nilifikiri ukikutana na mimi utanikumbusha." Kisha akaniuliza mikono iwe na lastiki au bila lastiki.

Nikarudi Migori. Ndiyo ile wiki uliyoniuliza kama naumwa. Jumamosi yake nikamwambia baba yako naenda Homa Bay kwa shangazi, nikapanda boti kwenda Remba.

Consolata bado yupo. Amezeeka kuliko mimi ingawa tunalingana. Alinikaribisha vizuri, tukakaa kwenye magunia, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Alinisikiliza huku anachambua omena, anatoa mawe, hata mkono haukusimama. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo hakunikataa."

"Sijui kama alikukataa au hakukukataa. Ninachosema ni kwamba hakusema."

"Akoth, mimi nilisikia 'mama' nikajua ni mimi. Halafu nikakusikia wewe. Wewe ndiye ulikuwa unajua lugha. Nikafikiri labda nimesikia vibaya, labda kuna kitu alikwambia kwa macho." Akatoa jiwe jingine. "Miaka yote hii sikwenda kumwona. Nilisema mtoto aliyenikataa nikamfuate kufanya nini?"

Nikamwomba msamaha. Akasema tutaona. Mpaka leo sijui "tutaona" ile ilikuwa ndiyo au hapana. Lakini alisimama, akanawa mikono, akaniambia nimpe namba ya simu ya yule fundi.

Alikwenda Oyugis mwezi uliofuata. Mimi sikuwepo. Awuor mwenyewe ndiye aliyenisimulia kwa simu. Alisema Consolata alifika na gunia dogo la omena, wakashindwa kuongea, ikabidi amshonee gauni ili wapate cha kufanya. Alipokuwa anampima mabega, Consolata akamwambia, "Ulikuwa unalala hapa." Basi wakaweza kuongea. Sasa Consolata anakwenda kwake kila baada ya miezi miwili.

Ningependa kuishia hapo. Ingekuwa hadithi nzuri, na mimi nimejirekebisha ndani yake. Lakini wiki moja baadaye nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa Milka. Hakunitukana. Aliongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyetoka hospitali.

"Nilikuwa na miaka ishirini nilipomwacha yule mtoto. Nimelipa kwa kumlea. Nililala macho akiugua, nikamsomesha. Nilijua alinichagua, na hilo ndilo lililonishikilia kila aliponitukana, kila aliponiambia mimi si mama yake. Nilikuwa najiambia, alinichagua mwenyewe mbele ya serikali. Sasa umemwambia hakunichagua. Ulinipa mtoto kwa mdomo wako, leo unakuja kunichukulia kwa mdomo ule ule. Uliomba ruhusa kwa nani?"

Nilisema, "Pole, dada." Akakata.

Basi sielewi, Robi. Niliposema uwongo niliumiza mmoja, niliposema ukweli nikaumiza mwingine. Consolata amepata mtoto. Milka amepoteza kitu ambacho hakikuwa kweli lakini kilimsaidia kulea. Awuor anasema ni sawa, lakini Awuor ni mtu wa kusema ni sawa. Nilimuuliza juzi kama alifurahi nilipomwambia. Akasema, "Mama Robi, siku nyingine nafurahi, siku nyingine natamani ungenyamaza." Nikamuuliza leo ni siku ipi. Akacheka, akasema leo ni siku ya kushona sare za shule.

Ndicho nilichokuwa naogopa ulipoleta ile karatasi. Niliona majina ya masomo yamepangwa kwa mstari mzuri, lugha hapa, ustawi wa jamii pale, nikaona lile banda la samaki. Niliona mwanangu amesimama mahali nilipokuwa nimesimama, kisiwa kizima kinamtazama. Nilitaka kukuficha. Baadaye ndipo nilipofikiri upande wa pili: kwamba yule afisa kutoka Kitui, na mimi mwenye unga mikononi, hakuna aliyekuwa amefundishwa namna ya kumuuliza mtoto wa miaka mitano. Labda lipo somo la hilo. Labda kuna mwalimu huko Homa Bay atakayesimama ubaoni na kusema, mtoto akijibu hivi, muulize hivi. Kama lipo, soma mpaka ulijue usingizini. Kama halipo, waulize kwa nini.

Sina ushauri mwingine unaosimama kwa miguu yake. Naweza kukwambia tu lililonipata: watu wakikusifu kwamba unaelewa kila kitu, ni vigumu sana kusema sijaelewa. Neno lenyewe ni jepesi. Ila nilipolihitaji halikutoka.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo nililokaa chini kuliandika, mengine yote yamekuwa ni kulizunguka.

Nimekwenda Oyugis na Remba kuomba radhi kwa watoto na mama wa watu. Kwako sijaja. Siku nilipokuchukua kwa nyanya hakukuwa na afisa, hakukuwa na mkalimani, hakuna mtu aliyekuuliza kitu. Nilikubeba begani, ukanyoosha mikono nyuma yangu, na nyanya yako akageuka ukutani ili usione uso wake. Ulikuwa na miaka minne. Ulijua kusema vizuri sana. Ningeuliza ungenijibu, na niliogopa jibu.

Basi ninakuuliza leo, nikiwa nimechelewa miaka kumi na mitano. Ulitaka kukaa na nani?

Huenda hukumbuki, kama Awuor. Huenda unakumbuka vizuri na umekuwa ukinificha kwa huruma. Usinijibu kesho asubuhi mbele ya baba yako, na usinijibu kwa kunifurahisha. Nenda, ufike, upate kitanda chako na marafiki. Siku utakayoweza, niandikie. Hata ukiandika neno moja tu, nitalisoma kama lilivyo.

Ni mimi niliyekuzaa,
Akoth